Yule wa Saranda

Siku ya tatu baada ya kumzika Mama Mkubwa, tukiwa tumekaa kwenye mikeka katika ua wa nyumba yake mtaa wa Kikuyu, Dodoma, mke wa mwanangu alinisogelea na simu yake na kuniarifu kwamba jina langu lina asili ya Albania. Alinong'ona, kwa sauti ileile ambayo watu walikuwa wakinipa pole nayo tangu asubuhi. Winnie ni binti mwema, ana shahada ya uhasibu, na siku zile tumbo lake lilikuwa limefikia mahali ambapo wanawake wa msibani walimkataza kubeba hata sahani tupu, ndiyo maana alikuwa na muda wa kuchunguza mambo ya Albania. "Mama, sikiliza. Saranda ni mji wa pwani huko Ulaya. Hapa wanasema ni jina la kike, adimu, lina mvuto, na limeanza kupendwa. Maana yake ni arobaini." Nilimwambia arobaini nilishaipita zamani, na kwamba mimi ni mji wa pwani kama Bahi ilivyo bandari. Hakucheka. Akaiweka simu mapajani, akaniambia kuwa yeye na mume wake wameshakubaliana: mtoto akiwa wa kike, wanampa jina langu.

Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini nilijikuta nikitazama mlango wa jiko la nje kana kwamba Mama Mkubwa angetokea pale na mwiko mkononi kuuliza kama huyu binti anajua anachokiomba. Nimeishi na jina hili zaidi ya miaka hamsini na sijawahi kukutana na mwenzangu. Nimekaa madarasani na akina Neema watatu kwa mpigo, nimefanya kazi ofisi moja na akina Asha ambao ilibidi tuwatofautishe kwa urefu, lakini Saranda ni mimi na kile kituo cha reli. Yeyote aliyewahi kusafiri na treni ya zamani ya reli ya kati anakijua: unatoka Dodoma, unapita Bahi, tambarare inakwisha, injini inaanza kugumia ikipanda ukingo wa Bonde la Ufa, na huko juu, kabla ya Manyoni, wanawake wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma. Watu wakisikia jina langu huuliza, "Ulizaliwa kwenye treni?" Kwa miaka mingi nimejibu ndiyo. Jibu hilo ni fupi, watu wanalipenda, na huwa wananinunulia chai. Ukweli niliujua katika nyumba hii, mwaka nilioishi na Mama Mkubwa nikiwa na miaka kumi na saba, na siku ile kwenye mkeka nilimweleza Winnie kama ninavyoueleza hapa, isipokuwa hapa nimeondoa sehemu ambazo shangazi zake walinikatiza kuuliza kama kuna sukari.

Mama Mkubwa alikuwa mjane wa kaka yake baba. Nilikuja kwake kusoma kidato cha tatu, nikitokea kwetu upande wa Manyoni, na sanduku la bati na imani kubwa kwamba nimefika mjini. Wakati ule Dodoma ilikuwa makao makuu ya nchi kwenye vitabu vya siasa tu. Barabarani ilikuwa vumbi, ng'ombe na vibao vilivyotangaza wizara ambazo hazijafika. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu bila dari, hivyo kila kilichosemwa chumba kimoja kilikuwa mali ya vyumba vyote. Sebuleni kulikuwa na viti vya mbao vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kitambaa chake cha pekee, na msimu wa mavuno yalijaa humo makreti ya zabibu. Mama Mkubwa alikuwa akienda Makutupora kuchuma zabibu kwa msimu, akirudi na zile zilizopasuka ambazo wenye mashamba hawakuzitaka. Kwa wiki kadhaa nyumba nzima ilinuka utamu unaoelekea kuchacha, nyuki walikuwa wapangaji wenzetu, na mimi nilikwenda shule vidole vikiwa na rangi ya zambarau kama mtu aliyepiga kura mara nyingi. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, na mlenda wa Mama Mkubwa, uliotiwa karanga, ni chakula ambacho nimejaribu kukielezea katika makala tatu na kushindwa katika zote.

Shuleni nilikuwa Sandra. Sikumdanganya mtu, niliulizwa jina siku ya kwanza, nikafungua mdomo, likatoka hilo. Sandra lilikuwa jina la msichana mwenye viatu vya kisigino na kaka aliye Nairobi. Nilidumu nalo kwa raha mpaka binti mmoja wa dukani, Zaituni, alipokaa dawati la nyuma yangu. Baba yake Zaituni alikuwa Mrangi wa Kondoa aliyekuwa na duka mtaani kwetu, na Zaituni alikuwa ameshanisikia mara nyingi nikiitwa na Mama Mkubwa kutoka upande wa pili wa barabara. Hakunichongea kwa walimu. Alifanya vibaya zaidi, alinisubiri saa ya mapumziko akaniuliza kwa upole mkubwa, "Sandra dada, leo unauza paja au kidari?" Tangu siku hiyo nusu ya darasa walikuwa wanaume wa kwenye treni. Nikipita, mtu anatoa mkono kama yuko dirishani: "Wee Saranda! Kuku bei gani? Harakisha, treni inaondoka!"

Nilimkasirikia Zaituni siku mbili, kisha tukawa marafiki, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee aliyekuwa na maoni juu ya jambo hilo. Tulikuwa tukikaa juu ya magunia dukani kwa baba yake tukitafuna zabibu za Mama Mkubwa. "Dada yangu anaitwa Madina," alisema. "Hakuna anayemuuliza nauli."

"Madina ni mji mtakatifu."

"Na Saranda ni mji mtamu. Una kuku."

"Wewe cheka. Jina lako lina maana. Zaituni ni mti, uko kwenye vitabu. La kwangu nikiulizwa maana nasema nini? Stesheni?"

"Sema lolote. Watu wakiuliza maana ya jina hawataki kujua, wanataka uongee." Nikafuata ushauri wake. Mwalimu wa jiografia nilimwambia ni la Kigiriki. Mama mmoja wa kanisani nilimwambia limo katika Mambo ya Nyakati, na kwa kuwa hakuna anayesoma Mambo ya Nyakati mpaka mwisho, nilikuwa salama.

Duka hilohilo ndilo lililoniingiza katika jambo jingine la nyumba yetu, ambalo mwanzoni nililiona kuwa kichekesho tu. Wiki yangu ya kwanza Mama Mkubwa alinituma. "Nenda kwa Mrangi ukalete kile cheupe." Nikaleta sukari. Akaitazama, akanitazama. "Hiki ni cheupe cha chai. Nataka cheupe cha mboga." Nikaleta unga wa ngano. Mara ya tatu Zaituni alinihurumia, akanipa pakiti ya chumvi bila kuulizwa. "Mama yako mkubwa hasemi neno hilo," aliniambia. "Tangu nazaliwa hajalisema. Baba akiona anasimama pale kaunta anatafuta maneno, anampa tu." Nilidhani ni uzee. Nikawa namuigiza Mama Mkubwa mbele ya Zaituni, nikisimama kaunta na kuomba "kile cheusi cha kuandikia" na "kile cha mviringo kinachotaga".

Mwisho wa mwaka mwalimu wa darasa alitutangazia usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa mtu wa maneno makali na mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakang'aa. "Jina utakaloandikisha sasa ndilo la kwenye cheti," alisema, "na cheti ndicho kitakachokusindikiza mpaka kaburini. Kama unaitwa Sijali, amua leo kama utaendelea kutojali. Baada ya hapo usinijie na machozi." Aliyetaka kubadili jina alipaswa kuja na mzazi, aseme mbele ya mkuu wa shule, basi. Nchi nzima ilikuwa inanifungulia mlango. Darasani niliyaona maisha yangu yote yakiwa yamegawanyika: upande mmoja Sandra, ofisini, kwenye ghorofa, akipokea simu, upande mwingine Saranda, na kuku kichwani, akikimbia sambamba na behewa. Jioni ile sikungoja hata ugali upoe.

"Mama Mkubwa, nataka uje shuleni Jumatatu."

"Umepigana na nani?"

"Sijapigana. Uje useme naitwa Sandra."

"Sandra ni nani?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Akamega tonge, akalibonyeza katikati kwa dole gumba, akalichovya kwenye mlenda, akalizungusha kuukata ule utelezi, akala. Alikuwa mtu asiyezungumza na chakula mdomoni hata nyumba ikiungua. "Na Saranda amekwenda wapi?"

"Saranda ni stesheni, Mama Mkubwa! Watu wanashuka pale kuchimba dawa!"

Alinawa mikono kabla hajashiba, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tena. "Saranda," alisema, "ni bibi yako."

Ndipo nikaambiwa. Mama yake baba alikuwa ameolewa kutoka Saranda, akafariki miezi michache kabla sijazaliwa, na kwa desturi yetu mtoto wa kike anayefuata humchukua marehemu. Anachukua jina, na kwa kiasi fulani anachukua cheo. Lakini kwa wanawake walioolewa katika ukoo wetu jina la mama mkwe halitamkwi. Halitamkwi mbele yake wala nyuma yake, akiwa hai au akiwa kaburini. Unazunguka. Wao walizunguka kwa kumwita "yule wa Saranda". Kwa hiyo, alisema Mama Mkubwa, siku mama yako alipokupeleka kliniki na karani akauliza jina la mtoto, mama yako alijibu, "Mpe la bibi yake." Karani akauliza, "Bibi yake nani?" Akajibu, "Yule wa Saranda." Foleni ilikuwa ndefu, karani alikuwa mgeni wa huku, akaandika Saranda, akaita anayefuata. "Basi," alisema Mama Mkubwa, "limebaki hivyo."

Nilisikia jambo moja tu katika maelezo hayo: kwamba kuna karani aliyekosea. Nilikuwa nimebebeshwa stesheni kwa uzembe wa ofisi, na mahali fulani lilikuwepo jina langu halisi, ambalo halijaguswa, linanisubiri. Sandra akafa palepale mezani, sikumlilia. "Basi niambie jina lake," nikasema. "Nitaandikisha hilo." Mama Mkubwa akanitazama kama mtu aliyeombwa atembee sokoni bila nguo. Hangeweza. Ni nani basi angeweza? Tukaanza kuhesabu walioruhusiwa. Bibi alizaa watoto wawili, baba na kaka yake, na wote walikuwa wameshamfuata. Ndugu wa Saranda walikuwa wametawanyika, hakuna aliyejua waliko. Jina la bibi yangu lilikuwa limebaki vichwani mwa wanawake wawili duniani, Mama Mkubwa na mama yangu, na wote wawili walikatazwa kulifungulia mdomo. Nimesoma mambo mengi chuo kikuu kuhusu maarifa kupotea. Hakuna lililonitia wasiwasi kama jioni ile. Baadaye niliandika insha juu ya desturi hii kwa mwalimu wangu wa sosholojia, akanirudishia na maoni kwamba hoja ni nzuri lakini mifano haionekani kuwa ya kweli.

Mama alifika Ijumaa na treni, na kuku. Alikuwa amepewa habari na mtu wa mtaani kwetu aliyesafiri, na habari zenyewe zilikuwa zimekua njiani: alikuja akijua kwamba nimekataa ukoo. Walikaa sebuleni kwenye vile viti vya vitambaa, Mama Mkubwa na yeye, wakisalimiana kwa Kigogo kirefu cha kuulizana hali ya kila mtu na kila mnyama, na mimi nikasimama mlangoni nikingoja hukumu. Nilipowaomba wanisaidie tu nikisie, walikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Nadhani na wao liliwachoma, jina lile kukaa ndani miaka yote.

"Ni kitu," alisema Mama.

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Kipo."

"Kiko humu ndani?"

Wakaangaliana. "Kipo," alisema Mama Mkubwa, "na kisipokuwepo utajua."

"Moto?"

"Moto! Nani atamwita mtoto Moto?"

"Maji?"

"Mwenzangu, huyu anasoma kidato gani?" Mama alimuuliza Mama Mkubwa. Nikataja jembe, nikataja mvua, nikataja njaa, nikamtaja hata ng'ombe, na kila nilipokosea walizidi kucheka, Mama Mkubwa akijipangusa macho na upindo wa khanga, mpaka ikaonekana wazi kwamba ni miaka mingi hawajafurahi namna ile. Kisha kuku akawa tayari, tukahamia kwenye mkeka.

Ni pale kwenye mkeka. Mama alionja mchuzi, akakunja uso kidogo, akaniambia, "Nipe hicho kikolezo." Nilikulia na neno hilo, nyumbani kwetu Mama aliita hivyo siku zote, nikadhani ni namna yake tu, kama watu wengine wanavyosema "kibiriti" na wengine "kiberiti". Wakati huohuo Mama Mkubwa, ambaye hakuwa amemsikia, alinyoosha mkono. "Na mimi nisogezee hicho cheupe." Kibakuli kilikuwa mkononi mwangu. Nikawatazama, mmoja huku, mwingine huku, mikono yao yote miwili imenyooshwa kwenye kitu kimoja, na nikaelewa kwamba nimekuwa nikiishi miaka kumi na saba katikati ya watu wanaokula chumvi kila siku bila kuitaja. Walikuwa wameizidi hata sheria: walilikwepa neno kwa Kigogo, wakalikwepa na kwa Kiswahili, kwa hoja aliyonieleza Mama Mkubwa baadaye kwamba marehemu alikuwa anajua Kiswahili pia. Nikasema, "Bibi aliitwa—" nikalitaja, lile neno la kwetu la chumvi, kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile.

Mama aligeuka kutazama mlango. Mama Mkubwa alijifunika uso mzima kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani nimemliza. Kisha wote wawili, watu wazima wenye wajukuu na magoti mabovu, wakavuta khanga zao vichwani, wakajiweka sawa kwenye mkeka, wakainamisha macho mbele yangu, na Mama Mkubwa akanisalimu kwa Kigogo, kwa sauti nyembamba ya mke mpya, "Mbukwa, mama. Tumekuacha umekaa karibu na mlango, upepo unakupiga." Wakaanguka kwa kicheko. Nami nikapokea heshima ile bila aibu yoyote. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa mama mkwe wa mama yangu.

"Basi ndilo hilo," nikatangaza. "Jumatatu naandikisha hilo. Karani alikosea, tunasahihisha."

Mama akaacha kucheka. Aliifungua khanga kichwani, akaikunja mapajani taratibu, na kwa muda alionekana kama mtu anayechagua apite njia ipi. "Karani hakukosea," alisema. "Nilimwambia Saranda kwa makusudi. Nilimwona ameshika kalamu, nikasema Saranda, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ukilichukua lile la mwenyewe, mimi nitakuitaje?"

Akaendelea. Hakuwa na hasira. "Nilikuwa nimekubeba mgongoni pale kliniki. Nikawaza, huyu atatambaa. Atatambaa atafika motoni. Mimi niko kisimani, namwona kwa mbali mkono unaelekea kwenye makaa. Nianze kusema, jamani, yule wa wapi sijui, yule anayefanana na kitu fulani? Mpaka nimalize kuzunguka, ameshaungua. Nilitaka jina la kupigia kelele. La bibi yako linakaa ndani yake, anajua yeye mwenyewe kwamba nimempa. Lakini la juu ni langu. Nimelitumia kila siku." Akamgeukia Mama Mkubwa. "Na huyu hapa amekuwa akikuita barabarani mwaka mzima, wewe unaitikia kama mfalme. Ungekuwa na lile lingine angekuja kukushika bega kila akikutaka."

Nilikula kuku wangu. Kwa upande mmoja nilikuwa nimepoteza Sandra na yule bibi kwa siku chache tu. Kwa upande mwingine nilikuwa nimepewa jina langu mwenyewe, lililotengenezwa kwa kipimo cha koo la mama yangu, kama gauni. Nimejaribu mara nyingi kuwaza kama nilishawishika au nilishindwa tu. Nadhani nilishawishika. Jumatatu tulikwenda shuleni watatu. Mwalimu wa darasa, ambaye alikuwa ameambiwa na mtu kwamba kuna kesi ya jina, alimuuliza Mama mbele ya ofisi, wanafunzi wakipita, "Mama, tuambie ukweli, huyu binti ni nani?"

"Saranda," alisema Mama.

"Na maana yake?"

Niliona Zaituni amesimama kwenye ngazi, shingo imenyooka kuliko ya twiga. Mama alifikiri. "Maana yake ni njoo," alisema.

Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa kuwa alikuwa mtu wa Mbeya na alipenda sana kujifunza lugha za wenyeji. Kabla ya mwezi kwisha nusu ya shule ilijua kwamba Saranda ni Kigogo, maana yake njoo, na wavulana wa bweni wakawa wanaitana nalo uwanjani: "Wee, saranda hapa!" Mwaka huo jina langu lilipendwa kuliko lilivyowahi kupendwa. Wagogo wa darasani walijua kwamba si kweli, lakini hakuna aliyetaka kumsahihisha mwalimu. Zaituni alitangaza kwamba yeye ndiye aliyeniambia mapema: watu hawataki maana, wanataka uongee.

Hadithi hiyo ndiyo niliyompa Winnie kwenye mkeka wa msiba. Aliisikiliza yote, akauliza swali la mhasibu. "Kwa hiyo mimi, kwa hesabu hiyo, siruhusiwi kukutaja wewe. Na mtoto akiwa Saranda, siruhusiwi kumtaja na yeye." Nilimjibu kama mtu aliyesoma. Nilimwambia mambo hayo yamekwenda na wakati, yeye amekulia Dar es Salaam, wazazi wake walitoka Mpwapwa wakiwa bado vijana, asihangaike. Nilisema maneno kama "utamaduni hubadilika". Mtoto akazaliwa, wa kike, akaitwa Saranda, na Winnie akaweka picha kwenye kundi lake la simu, ambako naambiwa rafiki zake wawili wameshaliandika jina hilo kwa matumizi ya baadaye. Mwanangu na familia yake wakahamia kwenye nyumba ya Mama Mkubwa, kwa kuwa sasa wizara zimefika kweli na kodi za vyumba hazishikiki, na mimi nikawa naenda kukaa nao siku za mwisho wa wiki.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mababu zetu hawakuwa wajinga. Jumamosi moja nilikuwa sebuleni nasoma gazeti, nikamsikia Winnie kutoka chumbani, nyumba bado haina dari: "Saranda, umenichosha! Saranda, nyonya, acha kiburi! Hivi Saranda, kujinyea huku kote ni kwa faida ya nani?" Nilikaa wima kama mwanafunzi aliyesikia jina lake ofisini. Mimi, mwenye shahada mbili, nilifunika kikombe changu kwa sahani na kuanza kujiuliza nimemkosea nini mkwe wangu. Winnie akatoka na mtoto begani, akaniona uso, akaziba mdomo kwa mkono. "Mama! Samahani, Mama. Sikumaanisha wewe." Nilicheka, nikamwambia amwite tu, lakini nadhani nilicheka nikiwa nimechelewa kidogo. Kuanzia siku hiyo, mbele yangu, mtoto akawa Sasha. Nilitaka kumwambia kwamba namjua huyo Sasha, kwamba ni mdogo wake Sandra, ana viatu vya kisigino na kaka Nairobi. Sikusema. Nilijua kuwa ananistahi, na heshima ya mkwe si kitu cha kurudisha dukani.

Imekuwa hivyo mpaka Jumapili iliyopita. Nilikuwa jikoni nje nikijaribu tena mlenda wa Mama Mkubwa, ambao bado haunikubali. Winnie alikuwa mwisho wa ua akianika nguo, vibanio vitatu mdomoni. Karibu na ukuta kulikuwa na jiko la mkaa lililokwisha kukolea, likingoja sufuria. Mtoto ana miezi tisa. Alikuwa kwenye mkeka na kifuniko cha bakuli, na kwa jinsi nilivyomwona mara ya mwisho alikuwa anakipenda sana kile kifuniko. Sikumwona akikiacha. Nilichosikia ni vibanio vikidondoka kwenye sementi, kisha sauti ya Winnie, sauti ambayo sikujua kwamba anayo, ikipasua ua mzima mpaka njiwa wakaruka kutoka juu ya bati:

"Saranda!"

Mtoto akakoma palepale, amepiga magoti, mkono mmoja hewani mbele ya jiko, akageuza kichwa kumtafuta mama yake. Nami, mwiko mkononi, nikiwa nimeshatoka mbio mlangoni, nikasikia mdomo wangu ukijibu:

"Abee!"